Hela ya Kujaribia Spika

Pale Kashaulili, mtaa wa nyuma ya soko, kuna duka la vyombo vya muziki ambalo mwenyewe hakopeshi, haazimishi, na hapunguzi bei hata umlilie. Anachokubali ni kukupa ukajaribu nyumbani. Unachagua spika, au amplifaya, au vyote viwili, unalipa hela ya kujaribia, unavichukua Jumamosi na kukaa navyo wiki nzima. Jumamosi inayofuata ukinunua, hela ile inakatwa kwenye bei. Usiponunua inabaki kwake.

Simlaumu kwa sheria hiyo, maana tuliomfundisha kuitunga ni sisi wenyewe. Zamani alikuwa anawapa watu wajaribu bure. Mtu anachukua spika Ijumaa akisema anataka kuzisikia sebuleni kwake kwa utulivu, kumbe kesho yake ana sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, na Jumapili kipaimara cha mtoto wa dada yake. Jumatatu anazirudisha zina vumbi la uwanjani, zinanuka pilau, anasema sauti haijamridhisha.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza nilipoingia dukani, "kuna spika yangu moja imehudhuria ndoa nyingi kuliko padre."

Aliniita mwalimu kwa sababu nafundisha kwaya, si shule. Kazi inayonilisha ni mashine ya kusaga ninayoiendesha hapa Nsemulwa. Nimesimama kando ya mashine ile tangu nikiwa kijana, ikinguruma kuanzia asubuhi mpaka watu waishe kwenye foleni, na jioni natoka nimekuwa mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyewahi kuniambia nizibe masikio, na angeniambia ningemcheka.

Sasa niseme nilichokuwa nakitafuta, msije mkadhani niliingia dukani kwa anasa. Kwa muda mrefu redio yangu ya nyumbani ilikuwa inapungua. Wimbo wa kwaya unaanza vizuri, besi zipo, ngoma ipo, halafu wanawake wakiingia wanakuwa kama wameingia nyumba ya jirani. Kanisani nako hali ikawa hiyo hiyo. Nilikuwa nawagombeza sauti ya kwanza, wanawake wanaoimba juu kabisa, kila siku ya mazoezi. "Mmelala! Mnaimbia matumboni! Nyie mmekula nini mchana?" Nao wanapandisha, nami nasikia kidogo, naridhika.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili tu: ama redio ni mbovu na wanawake wa kwaya ni wavivu, ama masikio yangu yanakufa. Kama ni redio, nanunua spika nzuri na mambo yanaisha. Kama ni masikio, basi kwaya imenitoka mikononi. Hospitali sikwenda. Hospitali wangenijibu, na mimi nilitaka kwanza spika zinijibu.

Mtu mwingine angesema, kwaya ni kitu gani mpaka uogope hivyo? Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi wakalima kwenye makazi ya wakimbizi ya Litapunga, na mimi nilizaliwa na jembe la Litapunga mlangoni. Uraia tulipata baadaye, na karatasi ninazo, zimekaa sandukuni vizuri. Lakini mtu ukishakuwa na lafudhi kama yangu, kila ofisi unayoingia kuna anayekuuliza mara ya pili umetokea wapi. Kanisani hawaniulizi. Nikisimama mbele na kuinua mikono, watu wote wale, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, wananyamaza kunisubiri mimi. Mashineni mimi ni mzee wa mashine. Kanisani mimi ni Mwalimu. Kitu hicho sikuwa tayari kukipoteza, na naona haya kusema jinsi nilivyokuwa nakiogopea.

Spika za kwanza zilikuwa ndogo, za kuweka juu ya meza. Nililipa hela ya kujaribia, nikazibeba kwenye bodaboda nimezipakata kama mtoto mchanga. Mke wangu, ambaye anaimba sauti ya kwanza tangu kabla sijamuoa, alikaa kwenye kochi, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akasema, "Hee, baba, hapa tumepata. Nasikia mpaka wanavyovuta pumzi."

Mimi sikusikia pumzi ya mtu. Nilisikia shimo lile lile, isipokuwa sasa pembezoni mwake palikuwa pamesafishwa vizuri. Nikamwambia mke wangu kwamba sauti ya juu haipo kwenye spika hizi. Akaniangalia, halafu akaenda kuangalia maharage.

Jumamosi nikazirudisha. Mwenye duka hakukasirika hata kidogo, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile.

"Sauti ya juu hukuipata? Basi hizo si saizi yako, mwalimu. Chukua hizi."

"Na hela niliyotoa?"

"Ipo. Haijaenda kokote. Ukinunua hizi, nakata hela ya kwanza na ya pili. Nakutunzia."

Ndivyo nilivyoingia. Hela ya kwanza ilikuwa ndogo, ningeweza kuisamehe na kwenda zangu nyumbani. Lakini ilikuwa inatunzwa, na kitu chako kikitunzwa na mtu unajikuta unapita kwake kukiangalia. Spika za pili zilikuwa na sabufa ya kukaa chini, ikapiga besi mpaka vikombe vikahama kabatini. Sauti ya juu, hakuna. Nikazirudisha. Sasa hela mbili zilikuwa zinatunzwa, na mwenye duka akanipeleka chumba cha nyuma.

Kule nyuma kulikuwa na spika ndefu zinazofika kiunoni, mbao tupu, zimefunikwa shuka. Alizifunua taratibu. Alisema zilikuja kwa ajili ya mkubwa mmoja wa kampuni aliyehamishwa kabla hajalipa, na kwamba watu wa huko zinakotoka huzima taa na kukaa kimya kuzisikiliza bila hata kucheza. Bei aliyotaja nilimwomba aitaje tena, nikidhani ni masikio.

"Hizi," alisema, "kama hutasikia sauti ya juu kwenye hizi, basi haipo duniani."

Ningeweza kuondoka. Lakini nilijua kwamba nikiondoka pale naondoka na jibu, na jibu lenyewe ni lile nililokuwa nalikimbia. Nikalipa hela ya tatu, kubwa kuliko zile mbili kwa pamoja, na guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, likanifuata mpaka Nsemulwa huku watoto wa mtaa wakilisukuma kwenye mchanga.

Siku nne nzima nilikaa mbele ya spika zile kila nikitoka mashineni. Nilizisogeza karibu na ukuta, nikazitoa ukutani. Nilizigeuza ziangalie kochi, nikageuza kochi liziangalie zenyewe. Nikampigia simu mwenye duka, akaniambia nitoe kitambaa cheusi cha mbele, maana hapo ndipo sauti ya juu inapokwama. Nikakitoa. Ndani kulikuwa na ile karatasi nyeusi ya duara inayocheza muziki ukipiga, na juu yake kidude kidogo cha kung'aa, twita, ambacho ndicho kinachotoa sauti nyembamba. Nilisogeza sikio mpaka likakaribia kugusa twita. Mke wangu akapita, akasema, "Baba, utajiumiza, hicho kinalia kama sindano." Nikamwambia nasikia. Nilikuwa nasikia mtetemo kwenye ndevu.

Halafu ikafika Alhamisi, zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwangu.

Wasiojua jumuiya zetu, ni hivi: nyumba chache za jirani tunasali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Watu wanaingia na viti vyao, wanaona kila kilichomo sebuleni kwako, na Jumapili mtaa mzima unajua. Nilitaka kuzifunika shuka. Mke wangu akasema shuka ndiyo itawafanya waulize. Walipoingia hawakuuliza chochote. Walisimama tu mlangoni wakiangalia, halafu mama mmoja akapiga kigelegele.

Nikasema haraka, "Jamani, hizi si zangu. Nimepewa nijaribu tu."

Wakacheka sana. Mimi mwenyewe ningecheka. Hapa kwetu mtu akinunua pikipiki mpya utamkuta anasema ni ya shemeji yake. Akijenga, nyumba ni ya mtu wa Dar, yeye ni msimamizi. Akinunua ng'ombe, kaachiwa achunge. Tunasema hivyo ili tusikopwe, ili tusionewe kijicho, na ili shemeji huyo huyo asije kesho na shida zake. Kila mtu anajua, na kila mtu anaitikia kwa adabu, "Ndiyo, za kujaribu." Katekista, ambaye ni mtu mzima ninayemheshimu, alinipiga bega akasema, "Sawasawa mwalimu, zijaribu mpaka uzeeke nazo."

Nilirudia. Nilisema jina la duka. Nilisema kuna hela nimelipa na Jumamosi zinarudi. Kila nilivyoeleza zaidi ndivyo walivyozidi kufurahi, maana mtu anayejitetea namna hiyo lazima kanunua kitu cha bei kali. Nilimwangalia mke wangu anisaidie. Alikuwa anagawa vitabu vya nyimbo.

Mwisho wa sala katekista akasema tusiondoke bila kukiombea chombo kipya cha nyumba hii, kwa kuwa kitaitumikia kwaya. Alikuwa na chupa yake ya maji ya baraka. Nikasimama mbele ya spika.

"Katekista, baraka tuziache. Mpaka Jumamosi."

"Baraka inaachwaje, mwalimu?"

Ungejibu nini? Watu walikuwa wameshasimama, wameshainamisha vichwa. Nilisogea pembeni. Katekista wetu si mtu wa kunyunyiza kwa ubahili. Alichovya kitawi chake cha majani, akarusha kulia, akarusha kushoto, akamshukuru Mungu kwa mtumishi wake aliyenunua chombo hiki kwa jasho lake, na kila aliposema "aliyenunua" akarusha tena. Vile vitambaa vya mbele vilikuwa vimelala juu ya kabati, nilikoviweka mwenyewe. Niliona matone yakitua kwenye karatasi nyeusi, na nikaitikia amina pamoja na wengine.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa yangu tena. Ijumaa walikuja kutoa hongera. Mmoja alileta jogoo, mwingine sukari. Mama wa kigelegele alileta vitambaa viwili vyeupe vya kufuma, vya kutandika juu ya spika, na akavitandika kwa mkono wake. Nilikula chakula nikiwa nimezungukwa na shukrani. Nikikaa naziona, nikitoka mtu ananipongeza barabarani, nikiwa mashineni wanaosaga wanaulizana kwa vidole kama ni huyu. Nilihesabu kichwani namna ya kuzirudisha bila mtu kuona, nikaona hakuna, maana guta halina mlango. Na ningesema nini? Kwamba nimerudisha kitu kilichobarikiwa kwa sababu sauti haikuniridhisha? Nilikosa hata mahali pa kukasirikia. Nilimkasirikia jogoo, akachinjwa mapema.

Ijumaa hiyo hiyo asubuhi niligundua madoadoa meupe kwenye ile karatasi nyeusi. Maji ya baraka ya kwetu yanatiwa chumvi kidogo, na yakikauka chumvi inabaki. Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta. Karatasi ikaanza kunyanyuka vinyweleo. Nikaacha kufuta. Nikawasha muziki, nikasikiliza kwa makini, na nikashusha pumzi: spika zilikuwa nzima kabisa, hazina kasoro yoyote.

Jumamosi mwenye duka alikuja mwenyewe, na guta la kuzichukulia. Alivua viatu, akasifu vitambaa vya kufuma, akakaa, akanywa chai. Nikamwambia sikuipata sauti ya juu na kwamba nazirudisha. Akasema hakuna shida, hela ya tatu anatunza. Halafu akachuchumaa kuzikagua.

Akalamba kidole, akagusa doa moja, akaonja.

"Chumvi," akasema. "Mwalimu, nyie mmetia chumvi kwenye spika?"

"Ni maji ya baraka."

Mwenye duka yeye ni Mwislamu, tena mstaarabu. Hakucheka. Alifunga macho kidogo, akasema, "Mimi baraka siikatai. Ila karatasi hii inachukia maji ya aina zote." Akatoa flashi yake mfukoni, akachomeka, akachagua wimbo wa wanawake watupu, akapandisha sauti. Tukasikiliza, yeye amechuchumaa, mimi nimesimama, mke wangu mlangoni na birika mkononi.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia. Nzima."

"Inakwaruza, mwalimu. Hii ya kushoto inakwaruza kila wakipanda."

"Haikwaruzi."

"Wallahi inakwaruza. Mpaka huko nje wanasikia."

Hasira ilinipanda, na nilifurahi kuiona, maana hasira ilikuwa nafuu kuliko hofu. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kwaya, nimefundisha watu kuimba kabla yeye hajaanza kuuza waya. Nikamwambia namjua, huu ndio mchezo wake, anampa mtu spika mara tatu, anamtunzia hela, na mara ya mwisho anaibua kasoro ili mtu anunue. Nilisema maneno mengi. Yeye alinisikiliza tu, wimbo unaendelea, wanawake wanapanda na kushuka, na kwangu walikuwa mbali, wasafi, hawana mkwaruzo wowote.

Na katikati ya maneno yangu nikaelewa nilipo. Huenda alikuwa mwongo. Huenda alikuwa mkweli. Sikuwa na njia ya kujua. Mtu angeweza kuniambia chochote kuhusu kitu kilicho mbele yangu, kinalia, na mimi ningelazimika ama kulipa ama kugomba. Kulikuwa na masikio ya mtu mmoja tu mle ndani niliyoyaamini.

Niligeuka. Nilijua kwamba nikiuliza, nimesema. Hakuna mwalimu wa kwaya anayemuuliza mwanakwaya wake kama sauti inakwaruza.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "inakwaruza?"

Aliangalia spika, hakuniangalia mimi. Angeweza kusema haikwaruzi. Mwenye duka angenung'unika na kuondoka nazo, maana hakuna anayebishana na mke wa mtu nyumbani kwake. Niliona anapima. Halafu akaweka birika chini.

"Inakwaruza, baba. Tangu juzi."

Nikazinunua. Mpunga niliokuwa nimeuweka ghalani nikisubiri bei ipande ulikwenda wote, na mwenye duka, lazima niseme, alikata hela zote tatu alizokuwa ananitunzia, bila kuacha hata moja. Alinipa mkono. Aliniambia nikitaka anaweza kuagiza karatasi mpya Dar. Nikasema nitafikiria. Mpaka leo zipo sebuleni na vitambaa vyake. Wageni wanakuja, wanaomba kusikia, na wakipanda wanawake naona nyuso za wageni zinakunjamana kidogo halafu zinasema nzuri sana. Katika nyumba hiyo mimi peke yangu ndiye ninayezisikia zikiwa nzima.

Guta lilipoondoka bila mzigo, tulibaki wawili. Nilimuuliza mke wangu amejua tangu lini.

"Kuhusu spika?"

"Kuhusu mimi."

Akakaa. Akavuta kitenge chake magotini, akakinyoosha. "Tangu ulivyoanza kutugombeza," akasema. "Mwanzoni tuliona ni hasira zako tu. Halafu siku moja tuliimba vizuri, baba, vizuri mpaka wenyewe tukashangaa, na wewe ukasema tumelala. Ndipo tukajua."

"Tukajua nani?"

"Sauti ya kwanza yote."

"Mkafanya nini?"

"Tukapandisha. Tulikubaliana, ukitusogelea tunapiga kelele. Mwaka mzima tunakupigia kelele. Wengine wamenywa asali na tangawizi mpaka imewachosha. Paroko aliniuliza kwa nini siku hizi sauti ya kwanza inagomba. Nikamwambia ndivyo mwalimu anavyotaka."

Nilitaka kukasirika tena, lakini hasira haikuja. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona upweke wa ajabu, kwamba watu wengi hivyo walikuwa wamesimama mbele yangu wakijua, wakinitazama usoni, wakiharibu wimbo ili mimi nibaki pale. Nilikuwa nimejificha kwao na wao wamejificha kwangu, wote tukiwa chumba kimoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja tena kwenye kwaya?"

Jibu alikuwa analijua. Nikamwambia, "Waambie mazoezi yajayo waimbe wanavyoimba. Wasinipigie kelele."

"Baba, una uhakika?"

Nikamwambia nina uhakika. Sikuwa nao.

Siku ya mazoezi nilifika kabla ya wengine, nikafuta ubao, nikaandika nota upya ingawa wote waliijua. Wakaja, wakanisalimia kama kawaida, "Shikamoo mwalimu," wadogo kwa wakubwa. Mke wangu alikuwa ameshapita kwao. Nilijua kwa jinsi sauti ya kwanza walivyokaa, wamebanana, mikono mapajani, hawanitazami.

Nikainua mikono. Besi wakaanza, nikawasikia vizuri, wananguruma pale pale wanaponguruma siku zote. Wale wa teno wakaingia, nao nikawapata. Sauti ya pili nikaipata nusu. Nikageukia kushoto, nikawapa sauti ya kwanza ishara yao.

Midomo ikafunguka. Shingo ya mke wangu haikutoa mishipa. Nyuso zao zilitulia kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau, macho yamefumbwa nusu, mabega yameshuka, na nilijua wanaimba kwa sababu vifua vinapanda. Nilisubiri. Nilisogeza sikio moja, nikasogeza jingine, nikijifanya nageukia upande wa wanaume. Nikaona besi wawili wameacha kutazama karatasi zao, wamegeuka kuwaangalia wanawake. Mama wa kigelegele, anayeimba sauti ya pili, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge huku akiendelea kuimba.

Kwa hiyo ilikuwa nzuri. Nikaendelea kupunga mikono mpaka nilipoona midomo imefungwa.